Spika zinapiga mluzi: ufunge filta au urekebishe ethi?

Unapanda kutoka Mwanjelwa kwenda Uyole, na kila ukikanyaga mafuta spika zinapiga mluzi unaopanda pamoja na injini. Hiyo ni kelele ya altaneta, mashine inayochaji betri ya gari.

Filta ya kuchuja kelele inafungwa haraka kwenye waya wa umeme wa redio. Mluzi hupungua, lakini chanzo kinabaki palepale. Ile ya kwenye nyaya za sauti inaweza hata kula besi.

Mimi nasimama na ethi, yaani pale waya wa hasi unapoungwa kwenye bati la gari. Chomoa hasi ya betri, kisha fungua skrubu inayoshika waya mweusi wa amplifaya. Wa kwangu ulifungwa juu ya rangi, na pembeni kutu imeshaanza kula. Mvua za Mbeya hazina huruma na bati. Nilikwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikakaza, mluzi ukakatika. Gharama ilikuwa kipande cha msasa tu. Waya huo uwe mfupi, na unene wake usipungue ule wa chanya.

Ila spika ikikoroma hata injini ikiwa imezimwa, yote mawili hayasaidii. Bonyeza koni, ile sehemu ya mbele inayotetemeka, taratibu kwa vidole. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imeharibika, badilisha spika.