Fundi wa kuunda gitaa na fundi wa kukarabati: nimewatumia wote wawili

Nianze na hukumu yangu. Gitaa likiwa na tatizo, mpelekee fundi wa ukarabati, hata kama unaishi ukuta mmoja na muundaji hodari kuliko wote mjini. Ukitaka gitaa jipya lililoundwa kwa ajili ya mkono wako, nenda kwa muundaji, kisha tenga fedha kidogo za fundi wa ukarabati. Nimepita kwa wote wawili hapa Dar es Salaam, na gitaa la zamani kisha na jipya. Wote nawaheshimu sana, ila kazi zao zimeachana kuliko wapigaji wengi tunavyodhani.

Gitaa langu la zamani ni gitaa kavu la nyuzi za chuma. Daraja, kile kipande cha mbao usoni kinachoshika nyuzi, lilianza kunyanyuka kwa nyuma, karatasi ikawa inapenya chini yake, na nyuzi zikapanda mpaka kupiga F, ile ya kulaza kidole juu ya nyuzi zote, ikawa adhabu. Nyuzi sita za chuma zikikazwa kwa tuni ya kawaida huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Mzigo huo wote unabebwa na uso wa mbao wenye unene wa milimita tatu au pungufu, mbavu chache zilizogundishwa ndani, na gundi iliyo chini ya daraja. Ongeza unyevu wa pwani: mbao inavimba, uso unapanda, gundi inaanza kuachia.

Nililipeleka kwanza kwa mzee anayeunda magitaa, kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa nasikia akisifiwa. Alilitoa kwenye mfuko, akaugonga uso kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali huku ameinamisha sikio, akatikisa kichwa. "Mwanangu, uso huu mnene mno, na mbavu zake zimewekwa kama za kuzuia paa. Niachie niufungue, nikuwekee mwingine." Alikuwa anasema kweli. Gitaa lile halijawahi kuwa na sauti nzito. Lakini mimi nilitaka daraja lishike na nyuzi zishuke, nirudi kupiga, na alichokuwa ananipa ni gitaa jingine ndani ya ganda la lile la kwanza. Ndivyo jicho la muundaji lilivyo, linatazama mbao na kuona gitaa ambalo lingeweza kuwepo.

Nikaenda kwa kijana wa Sinza anayekarabati tu. Chumba chake kidogo, ukutani kumening'inia magitaa ya watu: besi isiyo na nyuzi, gitaa la kanisani lenye kichwa kilichovunjika, jingine limefunguliwa waya nje. Nilipoanza kueleza akanikatisha. "Kaka, kabla hujaniambia shida, lipige kwanza."

Nikapiga. Alikuwa anautazama mkono wangu wa kushoto. Kisha maswali: unalihifadhi wapi, unafunga nyuzi za unene gani, unashusha tuni, unasafiri nalo bara? Hilo la mwisho lilinishangaza hadi alipolieleza. Gitaa likitoka Dar kwenda Dodoma wakati wa kiangazi mbao hupoteza maji na kusinyaa, na ncha za freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zikaanza kuchoma kiganja pembeni mwa shingo. Likirudi pwani uso unavimba tena. Viwanda vingi vya gitaa huweka karakana zao kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50, na hewa yetu huku huwa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo yeye hawezi kuinua vifaa kabla hajajua gitaa linaishi wapi.

Baada ya hapo akapima. Alilaza rula ndefu juu ya freti, akasoma urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12, akaingiza kioo kidogo na taa kupitia tundu la sauti. Ndani akakuta kilichokuwa kinasababisha yote: ubavu mmoja umeachia, ndiyo maana uso ulikuwa unapanda na kulisukuma daraja. Angeligundisha daraja peke yake, lingeng'oka tena. Alinipa kioo nijionee mwenyewe.

Kulikuwa na jingine. Fundi fulani wa zamani alishalibandika daraja hilo kwa gundi ngumu ya kuchanganya mirija miwili. Kijana alikaa nalo muda mrefu, analipasha joto, anapenyeza kisu chembamba kidogo kidogo, na bado gundi ile ilitoka na vijipande vya uso. Yeye alitumia gundi ya mbao ya kawaida, inayolegea kwa joto. Nilimuuliza kwa nini asitumie inayoshika zaidi. "Kaka, ipo siku fundi mwingine atalifungua gitaa hili. Nisimwachie msiba."

Kwangu mimi jibu hilo ndilo linalomtambulisha fundi wa ukarabati wa kweli. Anafanya kazi ndani ya maamuzi ya mtu mwingine, mara nyingi mtu aliye bara jingine au aliyekwisha kufa, na anapaswa kuyajua. Shingo ya gitaa la Martin ya asili imechomekwa kwa kiungo cha mkia wa njiwa na gundi, na kuitoa kunataka mvuke. Ya Fender imefungwa kwa skrubu. Kwenye Stratocaster ya Fender uzi una urefu wa milimita 648 kutoka mfupa wa juu, ule ulio karibu na kichwa, hadi daraja, kwenye Les Paul ya Gibson ni 628 hivi, kwa hiyo nyuzi za unene uleule hukaza tofauti, na fundi asiyejua hilo atahangaika na shingo isiyo na kosa lolote. Muundaji anaweza kuishi maisha yake yote na aina moja ya kiungo, ile anayoiamini. Mkarabati hachagui, analetewa.

Wapo waliobeba akili zote mbili. Leo Fender alikuwa fundi redio kule Fullerton, California, kabla ya kuwa mwenye kiwanda, na gitaa hakuwa anajua kulipiga. Ukitazama shingo zake za skrubu unaona mtu aliyezoea kuletewa vitu vibovu: shingo ikiharibika, unafungua, unaweka nyingine.

Nilipopata fedha nilirudi kwa yule mzee, safari hii kwa kazi yake hasa. Hapo nikamwona kwenye maji yake. Aliniuliza napiga nini, rithimu au solo, kwa kucha au kwa plektra, nakaa au nasimama. Akapima kiganja changu. Pembeni na mgongoni aliweka mninga, usoni mbao ya sprusi iliyoagizwa kutoka nje, ubao wa vidole mpingo. Nilimkuta siku moja anaupunguza uso kwa randa: anakwangua kidogo, anaugonga, anasikiliza, anakwangua tena. Hakuna rula itakayokwambia uishie wapi. Mtu akipitiliza nusu milimita, mbao ile ya gharama imekwisha.

Penye hesabu hana mchezo vilevile. Urefu wa uzi unagawanywa kwa 17.817 kupata mahali pa freti ya kwanza. Kinachobaki kinagawanywa kwa namba hiyohiyo kupata ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho, na freti ya 12 iangukie nusu kamili. Kwa uzi wa milimita 650 freti ya kwanza inakaa kama milimita 36.5 kutoka mfupa wa juu. Akikosea hapo, hakuna mkarabati atakayekuokoa isipokuwa kwa kung'oa ubao wote wa vidole. Tuni ya gitaa langu iko sawa shingo nzima, nimeihakiki freti kwa freti. Alinipa pia karatasi ya mahali mpingo ulikonunuliwa, jambo ninalomshukuru, kwa kuwa tangu mwaka 2017 jamii yote ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, ingawa ala zilizokamilika zililegezewa masharti mwaka 2019.

Sauti? Besi yake unaisikia kifuani, na uzi wa kwanza hauchomi. Sijawahi kupiga gitaa la dukani lenye sauti ile, na nimeshika mengi.

Ila lilikuja nyuzi ziko juu, karibu milimita nne kwenye freti ya 12, na freti mbili tatu zimezidi wenzake. Mzee alisema tusubiri mbao itulie. Nilisubiri kiasi, kisha nikalipeleka Sinza. Kijana alisawazisha freti kwa tupa ndefu, akazirudishia umbo la mviringo, akachonga upya mifereji ya mfupa wa juu, akaupunguza mfupa wa daraja. Nyuzi zikashuka hadi milimita 2.3 bila hata moja kukwaruza. Alilipiga muda mrefu kuliko kawaida yake, akasema gitaa hili ameliheshimu.

Kwa upande wa huduma, mzee hachelewi kukueleza ukweli lakini tarehe zake usizishike. Alivuka muda aliosema kwa mbali, na simu hapokei akiwa kazini. Analipwa nusu mwanzoni. Kijana hatamki bei kabla hajalikagua gitaa, jambo linalowaudhi wengine, na mimi naliona la haki. Kazi yote ya gitaa la zamani, ubavu, daraja na kusawazisha, ilikuwa chini ya nusu ya bei ya gitaa jipya la kawaida la Kariakoo. Alinirudishia mfupa wa zamani kwenye bahasha.

Kama bado hujui aliye mbele yako ni yupi, mwombe akuonyeshe kazi. Muundaji atakuonyesha gitaa alilolianza kutoka kwenye mbao tupu. Mkarabati mzuri atakuonyesha palipokuwa pamevunjika, na utapatafuta kwa macho usipaone.

Sasa nataka kuweka pikapu, kifaa cha kunasa sauti na kuipeleka kwenye spika, kwenye gitaa jipya kwa ajili ya jukwaani. Mzee hataki upande wa mninga utobolewe. Kijana anasema ipo aina ya kubandika ndani chini ya daraja, waya utokee kwenye tundu la kitufe cha mkanda ambacho tayari kipo. Nimemwambia aiagize.