Makabati ya jikoni: rangi ipi upulize, mashine ipi ununue

Ukuta ukiwa na kasoro unautundikia picha. Mlango wa kabati hauna pa kujifichia: uko usawa wa macho, na taa ya jikoni inaumulika kwa ubavu hadi chembe ya vumbi inatoa kivuli. Nimeshapuliza makabati ya kutosha, yangu na ya watu, na naanza na rangi kwa sababu hapo ndipo wengi huharibu kazi kabla hawajashika bunduki ya kupulizia.

Nafasi ya kwanza naipa enameli ya maji, yaani rangi ya maji inayokauka ngumu, yenye alkidi au yurethani (gundi za kuipa ugumu) ndani yake. Vifaa unaosha kwa maji, harufu inavumilika, na nyeupe yake haigeuki njano kama ile ya rangi ya mafuta. Ninachoipendea zaidi ni kwamba inajilaza. Ukimaliza kupuliza utaona vitone vitone na utatamani kuongeza mkono wa rangi, usiongeze. Geuka, shughulika na mlango mwingine, ukirudi utakuta vimetandazika vyenyewe.

Shida yake ni subira. Kwa kidole inakauka ndani ya saa chache, lakini kukomaa hadi ndani huchukua wiki kadhaa, mara nyingi karibu siku 30. Niliwahi kufunga milango yangu mwenyewe baada ya siku mbili. Siku ya nne nikavuta mmoja, ukaitika kama plasta inayobanduliwa kwenye kidonda, na utepe wa rangi ukabaki kwenye fremu. Siku hizi nabandika vipira vidogo kwenye pembe za kila mlango, na mwenye nyumba namwomba asisugue kwa sabuni kali mwezi mzima.

Ya pili ni poliyurethani inayochanganywa na hadna, yaani dawa ya kuigandisha. Kwa ugumu inazishinda zote: mafuta ya moto, mvuke, dawa za kusafishia, inavumilia. Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu ukishachanganya, muda unahesabika, na ukichelewa inagandia ndani ya bunduki. Kubwa zaidi, hadna nyingi zina kemikali ziitwazo isosianati, ambazo zinaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya vumbi hapo ni pambo tu. Mwachie fundi mwenye chumba cha kupulizia na kifaa cha kumletea hewa safi.

Laka ya naitroselulosi ni ya tatu. Inakauka kwa dakika, vumbi halipati muda wa kutua, na ukikosea unarekebisha siku hiyohiyo. Ila hewa ikiwa na unyevunyevu inapata ukungu mweupe, mvuke wake hudaka moto upesi, na mbele ya maji na joto la jikoni inachoka mapema. Kwa kabati la nguo ningeipandisha daraja.

Rangi ya mafuta ya kawaida inafuata: ngumu, inajilaza vizuri, lakini nyeupe yake hugeuka njano, na gizani ndani ya droo hugeuka haraka zaidi. Kama unataka kijani kizito au bluu ya usiku, haina neno. Rangi ya ukutani iache dukani. Hata ikiwa imekauka inaendelea kunata, mlango na fremu vinashikana.

Kwenye mng'ao, chukua satini, ile ya mng'ao wa wastani. Mng'ao mkali unatangaza kila kosa.

Sasa praima, rangi ya msingi inayotangulia, ambayo watu huinunua kwa chenji iliyobaki. Pitisha kidole pembeni ya kishikio cha mlango wa zamani: ule utelezi ni mafuta ya mikono ya miaka, na rangi ikikutana nao inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo. Osha kwa dawa ya kukata mafuta, suuza, acha ikauke, ndipo upige msasa namba 150 kisha 220. Praima iwe ya kushika kwenye uso laini. Kama mbao inatoa madoa ya kahawia, tafuta ya shelaki (utomvu wa wadudu), hiyo ndiyo inayoyazuia. Kingo za MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, zinakunywa rangi kama sifongo, zipe praima mara mbili. Mwaloni una vinyweleo vilivyo wazi. Bila pati ya kuvijaza vitaonekana hata chini ya mikono mitano ya rangi. Praima ikikauka, pitisha msasa 320 hadi kiganja kisikwame popote. Ulaini wote unaousifia kwenye picha umepatikana hapa.

Kuhusu mashine, anayepaka jikoni yake mara moja namshauri HVLP ya tabaini, mashine inayopuliza kwa feni yake yenyewe. Inatoa hewa nyingi kwa shinikizo dogo, kwa hiyo rangi kidogo tu inapotelea hewani. Kwa enameli ya maji weka ncha ya milimita 1.8 hivi. Pampu ya eyalesi, inayosukuma rangi yenyewe kwa nguvu bila hewa, ni ya mwenye milango mingi: ina kasi sana, na ni rahisi kumwaga rangi hadi itiririke. Ukiichukua, tafuta ncha ya kazi laini, mfano 310. Hiyo 3 ukiizidisha kwa 2 unapata inchi 6, upana wa mpulizo ukiwa sentimita 30 hivi kutoka mlangoni. 10 ni tundu la elfu 10 za inchi. Bunduki ya kompresa inafaa kama kompresa unayo tayari na tangi lake ni kubwa; dogo linaishiwa pumzi katikati ya mlango na bunduki inaanza kutema.

Ukiwa na HVLP, shika bunduki sentimita 15 hadi 20, anza kufyatua kabla ya ukingo, na kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Na anza na migongo ya milango. Mkono ukiteleza huko, atakayegundua ni anayetafuta kijiko.