Mafunzo ya huduma ya kwanza kwa waendesha boda Busia: uzoefu wangu

Steji yetu iko karibu na maegesho ya malori hapa Busia, upande wa Uganda, na ajali tunaziona sisi kabla ya polisi na kabla ya gari la wagonjwa. Kikundi chetu cha akiba kilipokubali kulipia mafunzo haya, nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Nayasifu kwa moyo wote, ingawa yapo ya kurekebisha.

Kilichonifaa zaidi ni kufanya kwa mikono. Mkufunzi wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alitupigisha magoti mbele ya mdoli wa mazoezi, tuukandamize kama mtu ambaye moyo umesimama: kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukifikisha kina, mdoli hulia "tik". Mwenzangu alikandamiza polepole, mdoli kimya. "Kijana," mama akamwambia, "huyo moyo umesimama. Usimbembeleze!" Dakika mbili tu mikono imechoka, kwa hiyo tulifundishwa kupokezana haraka. Hilo video haikufundishi.

Damu pia aliieleza vizuri. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, usifunuefunue kuchungulia. Ikiwa ni mguu na damu inaruka haikomi, funga kitambaa kipana upande wa juu wa jeraha, si kwenye jeraha lenyewe, tia kijiti, zungusha mpaka damu ikatike, andika saa, usilegeze hadi hospitali. Na ile tabia yetu ya kumbeba majeruhi mikono na miguu juujuu aliikataza kabisa: shika kichwa, shingo isicheze, isipokuwa pawe na moto.

Muda mrefu alizungumzia lori la mafuta lililopinduka. Alitukumbusha Namungoona, Kampala, mwaka 2013, ambako watu zaidi ya 30 waliungua na kufa, wakiwemo waendesha boda waliokwenda kukinga petroli. Kwetu tunaopishana na matangi kila saa, somo hilo peke yake linalipa ada.

Sasa kasoro. Midoli miwili kwa ukumbi uliojaa haitoshi. Kijitabu ni cha Kiingereza kitupu, ilhali darasa zima liliendeshwa kwa Kiswahili. Mtu aliyezama majini walimpitia mbio mbio, na Ziwa Victoria hilo hapo Majanji. Walau walisema yeye hupuliziwa pumzi tano kwanza, kabla ya kukandamizwa kifua. Mkoba wa dawa wanaouza mwishoni usiununue: plasta na pamba tele, bandeji pana moja. Sisi tulinunua glavu, chachi na bandeji zetu duka la dawa.

Wakirudi nitajiandikisha tena, maana mikono husahau. Nimewaomba waje na mdoli wa mtoto, kwa kuwa asubuhi abiria wangu wengi ni wanafunzi.