Usiku mmoja kwenye hanok ya Jeonju: sakafu ya moto, kuta za karatasi

Wanawake wanne, chumba kimoja, usiku mmoja wa Jumamosi. Hiyo ndiyo hesabu tuliyoenda nayo Jeonju, mji wa Korea Kusini, mwishoni mwa Novemba. Mimi ni mtu wa Morogoro, nasoma Seoul mwaka wa pili sasa. Wenzangu mmoja ni wa Mombasa, mmoja wa Bukavu, mmoja wa Bujumbura. Kinachotukutanisha ni Kiswahili na uchovu wa vyumba vya bweni ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tulitaka kulala kwenye hanok, nyumba ya asili ya Kikorea, na Jeonju kuna mtaa mzima wa nyumba hizo, zaidi ya 700, mapaa ya vigae vya kijivu yamekaribiana hadi paka anatembea juu kwa juu bila kushuka.

Safari haina maneno mengi. Kituo cha mabasi ya Honam, Gangnam hapa Seoul, basi la daraja la udeung: viti vitatu tu kwa mstari, unalaza kiti kama uko saluni. Njiani ni karibu masaa matatu, na katikati dereva anasimama dakika 15 kwenye kituo cha mapumziko. Dakika 15 za Wakorea ni 15 kweli. Mrundi wetu alikuja mbio na mfuko wa viazi vya kukaanga mkononi, dereva ameshakaa kwenye usukani anatazama saa.

Sasa nyumba yenyewe. Jina silitaji, maana nina ya kusifu na ya kulalamika, na bibi mwenye nyumba sitaki aumie. Kwenye programu ya simu chumba kilionekana kipana, mwanga umejaa, maua dirishani. Tukalipa woni 120,000, yaani 30,000 kila mtu, tukaona tumeokota. Kumbe mpiga picha alijibana kwenye kona ya mwisho kabisa. Kuandikwa "watu wanne" hapa maana yake ni magodoro manne membamba, yale wanayoyaita yo, yakitandikwa sakafuni hakibaki hata pa kuweka kikombe. Atakayeamka usiku kwenda msalani atakanyaga mguu wa mtu. Mimi nilikanyagwa mara mbili.

Na msala wenyewe: bomba la kuogea liko juu ya choo, hakuna pazia wala kizuizi. Aoge wa kwanza, karatasi ya chooni imelowa chapachapa kwa ajili ya wote watatu wanaofuata. Itoeni nje kabla hamjafungua maji.

Ila sakafu! Hapo ndipo pesa yangu ilirudi yote. Nje baridi ilikuwa inachoma masikio, ndani unavua viatu, unapanda kibaraza cha mbao (ni baraza kabisa hii, Mmombasa alikaa hapo akasema kilichopungua ni kahawa chungu tu), unasukuma mlango wa karatasi, na ukitia unyayo ndani joto linakupanda hadi magotini. Ndiyo ondol. Zamani moshi wa jiko ulipitishwa chini ya sakafu ya mawe ukatokea upande wa pili. Siku hizi ni mabomba ya maji ya moto, lakini mwili haujui tofauti. Upande wa karibu na jiko ndio uliokuwa na moto zaidi, nao huachiwa mkubwa au mgeni. Sisi tulimpa Mmombasa kwa umri. Saa nane za usiku akahama mwenyewe, amelowa jasho, anauliza ametukosea nini. Kidude cha kupunguza joto kipo ukutani, kimeandikwa Kikorea kitupu, na sote tunaosoma Kikorea tulikuwa tumelala.

Kuhusu kelele niseme wazi. Kama kundi lenu ni la kucheka, msichukue hanok. Milango ni karatasi ya hanji juu ya fremu ya mbao, basi. Tulimsikia jirani akifungua mkebe wa bia. Kama tulimsikia yeye, fikiria yeye alisikia nini kutoka kwa wanawake wanne wanaosimuliana habari za profesa mmoja. Saa nne na nusu usiku bibi akagonga, akainama kidogo, akasema kwa upole "joyonghi", kimya jamani. Tukaomba radhi. Dakika kumi baadaye Mkongo akakumbuka jambo lingine, tukauma mashuka kuzuia kicheko. Asubuhi bibi huyohuyo alituletea chai ya shayiri na uji wa wali kwenye kibaraza bila kinyongo chochote usoni. Hilo nalihesabu.

Chakula ndicho kinachowaleta watu Jeonju. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya miji ya mapishi mwaka 2012. Bibimbap yake, wali wa kuchanganya na mboga, huja mara nyingi na nyama mbichi ya ng'ombe juu, kwa hiyo asiyetaka aseme mapema "gogi ppaejuseyo", toa nyama. Mimi lakini moyo wangu ulibaki kwenye kongnamul gukbap ya asubuhi, supu ya machipukizi ya maharage ya soya yenye wali ndani, na yai lisiloiva vizuri kwenye kibakuli cha pembeni unalovurugia mwani. Ni supu ya walevi, wanasema, lakini hata asiyelewa inamwamsha.

Jambo moja kwa ndugu zangu Waislamu. Mtauziwa moju, kinywaji cha kahawia chenye harufu ya tangawizi na mdalasini, mtu akakwambia ni kama chai tu. Kimepikwa kutokana na makgeolli, pombe ya mchele, na kilevi kidogo hubaki. Mmombasa alikuwa ameshakishika kikombe kabla Mrundi hajauliza.

Jumapili tulipita Gyeonggijeon, jengo la kumbukumbu ya kifalme, ambako imewekwa picha ya Yi Seong-gye, mwanzilishi wa ufalme wa Joseon, tukapigana picha kwenye mianzi yake. Mkongo akaenda misa kanisa la Jeondong lililo ng'ambo ya barabara, la matofali, lililokamilika mwaka 1914. Akarudi anasema hakuelewa neno ila alijua kila mahali pa kupiga magoti.

Kosa letu kubwa: tikiti za kurudi hatukukata mapema. Jumapili jioni udeung zote zimejaa, tukarudi na basi la kawaida, viti vinne kwa mstari, magoti kidevuni. Humo ndimo nilipokumbuka zawadi za wenzangu wa maabara. Jumamosi nilinunua boksi mbili za chokopai, keki zile za mkono zilizopakwa chokoleti ambazo kila mgeni wa Jeonju anarudi nazo, nikaziweka mahali salama: sakafuni, kichwani kwangu. Nilipofungua boksi kwenye basi, chokoleti yote ilikuwa imeshuka chini, imeganda upya, keki kumi zimekuwa mkate mmoja. Tuliumega kwa mikono hadi Seoul. Nyumba naipa nyota nne.