Kruzi ya Karibiani tukitokea Dodoma: meli inalipa, visiwa havilipi

Kwa mnaouliza kama kruzi ya Karibiani, yani safari ya starehe ya kulala melini na kushuka visiwani, inalipa, jibu langu ni kwamba meli inalipa ila visiwa havilipi. Kama unataka kulala, kula, kufanyiwa kila kitu na kuangalia maji nenda tu, utafurahi. Kama unachotaka ni kuijua Jamaika au Meksiko basi hela hiyo itafutie tiketi ya ndege na hoteli, maana na kruzi unashushwa asubuhi halafu mchana hata jua halijapoa unaitwa urudi.

Tulikuwa mama, dada yangu mkubwa anayeishi Marekani, shemeji mume wake, na mimi niliyetoka hapa Area C, Dodoma, na mama yangu mkononi. Juni 2025. Dodoma tuliiacha ina ule ubaridi wake wa usiku na upepo mkavu, kushuka Miami joto lenye unyevu likatupokea mlangoni, mama akasema hapa nguo hazikauki. Safari ilikuwa ya wiki moja, Miami kwenda Ocho Rios kule Jamaika, kisiwa cha Grand Cayman, Cozumel ya Meksiko, na kurudi. Kampuni siitaji, wafanyakazi wake walitutendea vizuri na mengi nitakayolalamikia ndo biashara ya kruzi ilivyo karibu kila meli.

Tuanze na hela maana najua ndo mnachosubiri. Bei inayotangazwa ni ya kitanda na chakula cha kawaida. Juu yake inakuja kodi na ada za bandari kama bei haijazijumlisha, halafu tipu ya wafanyakazi ambayo inakatwa yenyewe kila siku, kwetu ilikuwa kama dola 18 kwa kichwa kwa siku, yani kwa kiwango cha wakati ule shilingi elfu 46 na kitu, kila siku ya Mungu, hata siku ambayo hujatoka chumbani. Waifai unalipia. Picha wanazokupiga mlangoni unalipia. Meli nzima hakuna noti inayotoka mfukoni, unapewa kadi ambayo ndo ufunguo wa chumba na ndo pochi, unagusa tu, ti, ti, ti, na ndo maana watu wanazimia siku ya mwisho wakiletewa bili. Sisi dada alikuwa anaangalia bili kila jioni kwenye programu ya meli, na mara moja tukakuta juisi ambayo hatukuinywa, mapokezi wakaifuta bila maneno.

Vinywaji ndo mtego wenyewe. Maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi ni bure, soda na pombe sio bure. Kuna kifurushi cha kunywa upendavyo ila masharti yao mtu mzima mmoja chumbani akinunua na mwenzake lazima anunue, sasa shemeji anapenda bia na dada hanywi kabisa, hapo palikuwa na kikao kirefu. Dada akamwambia, "Mume wangu, mimi siwezi kulipia bia ambazo tumbo langu halizioni." Basi shemeji akawa ananunua moja moja huku anahesabu, na siku alipoagiza glasi ya wain akarudi ananung'unika kwamba kwa hela ile hapa nyumbani anapata chupa nzima ya divai ya Dodoma na chenji inabaki. Ni kweli, nilipiga hesabu.

Vyumba. Mimi na mama tulichukua chenye balkoni, dada na mumewe wakachukua cha ndani kisicho na dirisha ambacho ni nafuu sana. Cha ndani ukizima taa ni giza totoro, shemeji alikuwa analala mpaka saa nne asubuhi akidhani bado usiku. Kwa vijana wanaoshinda nje kinatosha. Ila kama unaenda na mzazi toa hela ya balkoni, usibishane. Mama ni mtu wa Kondoa, maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona kabla ya hapo ni bwawa la Mtera, alikaa kwenye kile kiti cha balkoni akauliza hawa wanajuaje pa kupita na barabara haipo. Siku ya pili hatukuona nchi kavu kuanzia asubuhi mpaka giza, tunaizunguka Kuba kwa mbali, na yeye hakutaka kutoka pale hata kwa chakula.

Kabla meli haijaondoka kuna zoezi la usalama ni lazima kwa kila mtu, unaonyeshwa kituo chako cha kukusanyika na unasikilizishwa honi, fupi saba na ndefu moja. Watu wengi wanalifanya huku wanacheka na simu. Mama alilisikiliza kama mahubiri na akaniuliza maswali usiku mzima.

Chakula ni kingi na ni kizuri, hapo sina neno. Kuna bafe ya juu na kuna ukumbi wa kukaa mezani ukahudumiwa, ukumbini kila jioni mnakuwa na wahudumu walewale kwa hiyo wanawazoea. Wali upo, samaki wapo, mboga za majani ni za kuhesabu. Siku moja bafe waliweka polenta, ukiiangalia ni ugali wa njano uliolegea, mama alikula na samaki wa kukaanga akashukuru. Shida ilikuwa chai. Chai yao ni kikombe cha maji ya moto na kamfuko ka majani pembeni, maziwa ya baridi, basi. Dada alilijua hilo akabeba birika dogo la umeme, likakamatwa kwenye ukaguzi wa mizigo Miami, kumbe kitu chochote cha kuchemsha hakiruhusiwi, na pasi hairuhusiwi, wanaogopa moto. Wakampa karatasi achukue siku ya kushuka.

Aliyetuokoa ni kijana mhudumu wa ukumbini. Mama alikuwa analalamika kwa Kiswahili kwamba haya maziwa ni ya baridi nitaumwa kifua, kijana aliyekuwa anamwaga maji meza ya pili akageuka, "Shikamoo mama." Mtu wa Kilifi! Kuanzia pale kila jioni mama analetewa maziwa ya moto na tangawizi kutoka jikoni na anaitwa mama mbele ya Wazungu wote. Alituambia mkataba wake ni wa miezi, anafanya kazi kila siku ya wiki, hakuna Jumapili. Ile tipu inayokatwa wanagawana wengi, kwa hiyo mtu akikuhudumia hivi mpe na yake mkononi, sisi tulimpa ya pembeni siku ya mwisho.

Kichefuchefu kipo. Meli kubwa haitikisiki sana lakini ile siku ya bahari wazi dada alilala chini kabisa, wakati mama na umri wake wote anatembea zake. Mapokezi walitoa vidonge, na jirani zetu wakamwambia ale tofaa la kijani na atafune tangawizi. Ukikata chumba tafuta cha katikati ya meli na deki (ghorofa za meli) za chini, mbele na juu ndo kunakoyumba.

Hao jirani ni mzee na mkewe wastaafu kutoka Ohio, wazoefu wa kruzi mpaka wafanyakazi wanawajua. Wao visiwani hata hawashuki! Mzee anasema meli ikibaki tupu ndo kruzi inaanza, bwawa la kuogelea ni lako, lifti ni yako, huku watu elfu kadhaa wanasukumana bandarini. Na kuhusu lifti ana haki, siku za bahari unasubiri mpaka unaamua ngazi. Kero nyingine ya abiria wenzetu ni viti vya bwawani, mtu anaamka alfajiri anaweka taulo na ndala kwenye viti vinne halafu anarudi kulala, saa tano hajaonekana na wewe umesimama na jua kichwani. Kuna tangazo kwamba viti haviwekewi nafasi. Hakuna anayelifuata.

Sasa visiwa.

Ocho Rios nilipapenda na ndo maana nina uchungu. Kuna maporomoko ya Dunn's River, maji yanashuka kwenye mawe kama mita 180 mpaka ufukweni kabisa, na wewe unayapanda kwa miguu kutoka chini mmeshikana mikono mstari mrefu na kiongozi mbele. Vaa viatu vya majini, mawe yanateleza. Mama alikaa juu kwenye ngazi za pembeni anatuchungulia. Baadaye tulikula kuku wa jerk, anapakwa pilipili na viungo halafu anachomwa kwa moshi wa mti wa pimento, aisee, sisi wa nyama choma ya Mnadani hapa Dodoma tunajiona tunajua kuchoma ila yule kuku alinifanya ninyamaze. Wanakula na bammy, ni mkate bapa wa muhogo, mama alivyoonja tu akasema huu muhogo huu. Shemeji yeye alitaka kwenda Nine Mile alikozaliwa Bob Marley, ni mkoa huohuo wa Saint Ann ila ni juu milimani, kwenda na kurudi kunakula siku nzima ya bandarini, kwa hiyo ni maporomoko au Marley, uchague. Alichagua kuwa na sisi na hajaacha kulisema.

Halafu kuna suala la saa, hili lishikeni. Kiangazi Miami wanasogeza saa mbele, Jamaika, Cayman na Cozumel hawasogezi. Meli yetu ilibaki na saa ya Miami, simu ikishika mtandao wa kisiwa inajirudisha nyuma saa nzima yenyewe. Mwisho wa kupanda ni saa tisa na nusu ya meli, simu yako inasema saa nane na nusu, unajiona una muda wa kuagiza kuku mwingine. Pale Cozumel tuliwaona vijana wawili wanakimbia gatini na mifuko ya manunuzi inawapiga miguuni, balkoni zote watu wanashangilia, ngazi ilikuwa inaanza kutolewa. Waliwahi. Ukienda matembezi yaliyouzwa na meli yenyewe wakichelewa meli inasubiri, ukienda na teksi yako hakuna wa kukusubiri. Ndo maana matembezi yao ni ghali na watu wananunua tu.

Grand Cayman hakuna gati la meli kubwa, mnatia nanga baharini mnapelekwa na boti ndogo kwa zamu, na foleni yenyewe ikala asubuhi yetu. Aprili 2025 wananchi wa kule walipigia kura suala la kujenga gati wengi wakakataa, na mimi nikiangalia yale maji yao safi nawaelewa kabisa, ingawa pale kwenye foleni nilikuwa nimenuna. Tulienda Stingray City, ni fungu la mchanga katikati ya maji, unasimama maji ya kiunoni na samaki taa wakubwa wanapita wanakugusa miguu, laini ajabu. Zamani wavuvi walikuwa wanasafishia samaki pale wanatupa matumbo, taa wakazoea. Unafundishwa kutembea kwa kuburuza miguu usije ukamkanyaga.

Cozumel sina mengi. Jua kali, mama alibaki melini, sisi tukala taco mbili tatu, vile vichapati vya Meksiko vya kujazwa nyama, na kuzunguka maduka. Mtaona maduka ya vito na saa yaleyale kila bandari, jina lilelile, mpaka unajiuliza umebadilisha nchi au hapana.

Msimu wa vimbunga kule ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Ndo maana Juni hatukulipa kama wanaokwenda Februari, na meli ina haki ya kubadilisha njia wakati wowote, mkataba unasema hivyo. Sisi tulibahatika. Oktoba 2025 kimbunga Melissa kiliipiga Jamaika kikiwa daraja la 5, upande wa magharibi ndo uliumia zaidi. Kama una uwezo wa kuchagua nenda Januari hadi Aprili.

Viza: hii safari inaanzia Marekani kwa hiyo bila viza ya Marekani hakuna kitu, na iwe inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja maana ukitoka Miami unaenda nchi nyingine na unarudi. Mahojiano ni ubalozini Dar, siku hizi na SGR unawahi bila kulala njiani. Ila kwetu Watanzania masharti yamekuwa yanabadilika na yanazidi kukaza, ulizeni ubalozini kabla hamjatuma hata senti kwa wakala, na kila kisiwa mnachoshuka ulizieni cha kwake.

Miami siku ya kupanda ilikuwepo pia meli ya Icon of the Seas, ile iliyoanza safari Januari 2024, deki 20, ikijaa inabeba abiria zaidi ya 7,000. Shemeji ameipiga picha nyingi kuliko yetu tuliyolipia, na ameshaanza kuulizia bei zake. Mama naye akiitwa anaenda, ila anataka balkoni na kijana wa Kilifi awepo. Mimi hela hiyo nikiipata nakaa Ocho Rios wiki nzima, Jumatatu maporomoko, Jumanne namsindikiza shemeji Nine Mile tumalize hiyo kesi, na simu naiacha iseme saa inayotaka.