Faili la pete kwa mapishi ya familia: nyota nne

Nimekusanya mapishi ya ukoo wetu kwenye faili la pete la saizi ya A4, lenye mifuko ya plastiki angavu. Linakaa jikoni na linatumika. Nalipendelea kuliko kitabu kilichogandishwa kwa gundi, kwa kuwa mapishi ya familia hayaishi kurekebishwa. Shangazi akikumbuka jambo leo, nachomoa ukurasa, nasahihisha, narudisha.

Ukinunua, tazama mifuko kwanza. Iwe ya plastiki aina ya polipropilini, isiwe ya aina ya PVC, maana PVC hunata kwenye wino na baada ya muda maandishi huhamia kwenye plastiki. Kwa karatasi aliyoiandika bibi kwa mkono wake, hiyo ni hasara isiyo na fidia. Kuilamineti, yaani kuigandisha ndani ya plastiki kwa moto, pia sishauri, kwani ikishapitishwa kwenye ule moto haitoki tena salama. Yangu nimeipiga skani kwa nukta 300 kwa inchi, nikaihifadhi mbali na mvuke. Jikoni inaingia nakala tu. Nakala ichapwe kwa printa ya leza. Wino wa printa nyingine nyingi huchuruzika ukipata tone la maji.

Kinachoudhi ni pete za duara. Faili likijaa, kurasa za mwanzo na za mwisho hupinda na kukwama. Pete zenye umbo la D hulaza kurasa vizuri zaidi, sijui kwa nini haziwekwi kwenye mafaili yote. Halafu plastiki humeta chini ya taa, kwa hiyo chapa herufi kubwa.

Vipimo, hata hivyo, ni kazi yako mwenyewe. Shangazi hupima kwa kiganja. Niliweka bakuli juu ya mizani, nikamwomba atie unga kama kawaida yake, nikasoma gramu kabla hajaanza kukanda. (Alinicheka, lakini alitia.) Vikombe msiviamini: cha kipimo cha metriki ni mililita 250, cha Marekani kama 237, na cha bibi ni kile kilichovunjika mpini.

Zile kurasa za maua zinazokuja na faili nimezitupa. Zina nafasi kubwa ya picha, lakini hakuna hata mstari wa kuandika nani alimfundisha nani. Nyota ya tano naibakiza mpaka waweke pete za D.