Uzoefu wangu na mikanda ya kushikia mtungi wa kuzamia: nailoni na poliesta

Nazamia katika pwani yetu ya Tanzania, zaidi Mafia na Mnemba, nikiwa na jaketi langu mwenyewe la kuelea, ambalo mtungi hufungwa mgongoni mwake kwa mkanda, na nikikodi mtungi pale ninapofikia. Nimetumia mikanda ya aina mbili kwa muda wa kutosha kuilinganisha, na hukumu yangu ni kwamba mkanda mzuri hujulikana kwa utepe usiorefuka ukilowa na kwa bizimu linalobaki palepale lilipofungwa. Mzamiaji anayenunua vifaa vyake vya kwanza huangalia sana mapezi na barakoa, ilhali kipande hiki kidogo ndicho kinachobeba mtungi mzima mgongoni mwake.

Mitungi mingi ninayoikuta kwetu ni ya alumini ya lita 11.1, inayojazwa hewa hadi bar 207. Kipenyo chake ni milimita 184 hivi, na ukiwa umejaa unakaribia uzito wa kilo 17. Majini uzito huo karibu wote hupotea. Juu ya boti, hata hivyo, mkanda unaubeba wote, na boti inapopigwa na mawimbi mzigo huo unayumba kila upande. Tena mtungi wa alumini hubadilika kadiri unavyopumua: ukijaa huzama kidogo, na ukikaribia kwisha hutaka kuelea, hivyo mwisho wa mbizi kitako chake huinuka na kuuvuta mkanda upande ambao mwanzoni haukuvutwa. Mkanda wa kununua ni ule unaostahimili hali hizo zote bila kuguswa tena.

Mkanda uliokuja na jaketi langu ulikuwa wa nailoni, wa upana wa milimita 50, wenye bizimu la plastiki ngumu. Ulifungika kwa urahisi na haukunichubua vidole, na katika maji matulivu ulinitosha. Tatizo lake ni la asili: nailoni hunywa maji, na ikishakunywa hurefuka. Ukiufunga ukiwa mkavu ufukweni Nungwi na kuridhika kwamba umekaza, kisha vifaa vikakaa juani njia nzima hadi Mnemba, utakapoanguka kinyumenyume kutoka kwenye boti mkanda utaanza kulowa na kulegea wakati uleule ambapo mtungi unapata mshtuko mkubwa kuliko wote wa siku hiyo. Ndivyo ilivyonipata. Tulipofika chini mtungi ulikuwa umeteremka kiasi cha kuvuta mpira wa hewa, na kipumulio kikawa kinanivuta mdomoni kila nilipogeuza kichwa. Mwongozaji wetu aliliona kabla sijampa ishara, akaja nyuma yangu, akaupandisha mtungi na kuufunga upya. Kazi hiyo ni nyepesi kwa mtu aliye nyuma yako, lakini ukiwa peke yako inakulazimu kulivua jaketi majini, na mkondo ukiwa na nguvu, kama unavyokuwa katika mlango wa Kinasi kule Mafia, hilo si jambo la kutamani.

Kwa mwenye mkanda wa nailoni, dawa ipo na haina gharama: uloweshe vizuri katika ndoo ya maji kabla ya kuufunga, na ukague tena boti inapokaribia mahali pa kuzamia. Mimi niliifuata desturi hiyo na mkanda ukatulia, lakini bado nilitaka kifaa kisichotegemea ndoo.

Nilipoubadilisha nilichagua utepe wa poliesta wenye bizimu la chuma kisichoshika kutu. Poliesta hunywa maji kidogo sana, chini ya asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo ukiwa mkavu au ukiwa umelowa urefu wake ni karibu uleule. Upande wa ndani una kipande cha mpira kinachoshika rangi ya mtungi isiteleze, na kwangu kipande hicho kina thamani kuliko unene wa utepe. Bizimu la chuma halipindi wenzo wake, yaani kile kipini unacholaza ili kukaza utepe, unapokaza, na halipasuki likikanyagwa kwenye boti iliyojaa watu na mitungi. Lina kasoro zake: ni zito zaidi, huchuna rangi ya mtungi usipoangalia, na lisipooshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ekseli yake hushika kutu. Ukiweza kuchagua, tafuta chuma cha daraja la 316, kinachovumilia chumvi kuliko 304.

Aina yoyote utakayonunua, jifunze njia ya utepe ndani ya bizimu hadi mikono iijue. Utepe hupita tundu baada ya tundu, wenzo hulazwa, kisha ncha hupitishwa katika tundu la mwisho na kubandikwa. Ukiliruka tundu hilo la mwisho mkanda utaonekana umefunga, lakini kitakachoushikilia ni wenzo peke yake. Wenzo sahihi hulala kwa nguvu ya kiganja; ukilala kwa vidole viwili, rudi ukakaze. Kisha shika jaketi kwa mshikio wake wa juu, liinue pamoja na mtungi na ulitikise kwa nguvu. Mtungi ukisogea hata kidogo, fungua uanze upya. Angalia pia kwamba mkanda umekaa kwenye sehemu iliyonyooka ya mtungi, mbali na pale bega linapoanza kupinda. Kile kitanzi cha juu kinachovishwa shingoni mwa valvu kinasaidia kupima kimo cha jaketi na kuzuia mtungi usianguke moja kwa moja, lakini hakiwezi kufanya kazi ya mkanda.

Kuhusu mkanda mmoja au miwili, naona jaketi jepesi la safari linatosheka na mmoja ulio bora. Anayetumia bamba la chuma mgongoni, au anayekodi mara mtungi wa alumini, mara wa chuma wa lita 12 wenye kipenyo cha milimita 171, achukue miwili, kwa sababu mtungi mwembamba hucheza kushoto na kulia ukishikwa mahali pamoja tu. Na kila mtungi ukibadilika kipenyo, urefu wa mkanda upimwe upya kabla ya wenzo kulazwa.

Mkanda wangu wa nailoni bado ninao kama akiba ndani ya begi, nao nimeukagua: nyuzi hazijachanika pale unapokunjwa na bizimu, wala jua halijaufanya mgumu. Siku nitakayoona moja ya dalili hizo nitautupa.